Kura ya Mjumbe wa Eneo

Siku ya kura, Sista alifika ofisini saa moja asubuhi akamkuta katibu wake amepiga magoti sakafuni, ametandaza karatasi kutoka ukuta hadi ukuta. Meza ilikuwa ndogo, haikuzitosha. Ofisi yenyewe zamani ilikuwa stoo ya viti. Haikuwa na dirisha, na mlango wake ulikuwa mpana kama wa gereji, kwa hiyo kila aliyepita kwenye korido alijikuta analazimika kusalimia.

"Sitini kwa sitini," katibu akasema bila kuinua kichwa. "Nimehesabu mara nne. Nikihesabu ya tano nitalia."

Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani ya kamba, na Bunge zima lilimwita Kanuni, kwa sababu kitabu cha kanuni za Bunge alikuwa nacho kichwani tangu ukurasa wa kwanza hadi jina la mpiga chapa.

Sista akavua viatu asije akakanyaga karatasi, akapita kwa ncha za vidole hadi kwenye kiti chake. "Na mimi?"

"Wewe ni wa sitini na moja," Kanuni akajibu. "Kwa dakika kumi na tano."

Wote wawili walijua maana ya maneno hayo. Nchi ile ilikuwa na mikoa, na mikoa ilikuwa na wabunge. Halafu kulikuwa na Eneo, kule mwisho wa barabara, nyuma ya milima, ambalo halijawahi kufanywa mkoa kwa kuwa watu wake hawakufika hesabu iliyotakiwa. Eneo halikuwa na mbunge. Lilikuwa na mjumbe mmoja. Mjumbe alikaa bungeni, safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Aliweza kusimama akasema. Aliweza hata kupendekeza kifungu kifutwe. Lakini kura zilipopigwa, yeye alikunja mikono akatazama wenzake wakibonyeza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi, mpaka miaka miwili nyuma kaka yake Sista, fundi cherehani, alipofunga duka lake miezi mitatu akazunguka Eneo lote kwa miguu na kwa baiskeli, akikusanya sahihi za watu. Alirudi amekonda, ana sahihi elfu kumi na tisa. Bunge likaona aibu, likampa mjumbe kadi ya kupigia kura, si kwa kila jambo, bali pale Bunge linapokaa kama kamati kupitia muswada kifungu kwa kifungu. Eneo zima lilisherehekea siku mbili.

Jambo ambalo Sista hakuwahi kumwambia kaka yake ni maneno yaliyoongezwa chini ya kanuni ile mpya, kwa herufi ndogo: endapo kura ya mjumbe wa Eneo ndiyo itakayoamua matokeo, kura itarudiwa baada ya dakika kumi na tano, na mjumbe hatashiriki. Yaani alikuwa na kura mradi isibadilishe kitu. Mara mia moja na zaidi alikuwa ameshapiga kura na hakuna aliyejali, kwa sababu daima upande mmoja ulishinda kwa kura kumi au thelathini. Mara nyingi alitaka kumwambia kaka. Kila alipokumbuka ile baiskeli, aliahirisha.

Sasa ukaja muswada wa hospitali. Kifungu cha kumi na tisa kilisema hospitali yoyote inayohudumia watu wasiofika elfu hamsini ifungiwe chumba cha upasuaji, na wagonjwa wapelekwe mjini. Katika mikoa hakukuwa na hospitali ya namna hiyo hata moja. Katika Eneo ilikuwepo moja tu, na watu wa Eneo walikuwa elfu thelathini na moja. Kutoka pale hadi mji wa karibu ni saa kumi na moja za barabara, ikiwa mvua haijaikata. Sista alijua hesabu hiyo vizuri, kwani kabla ya siasa alikuwa muuguzi wa chumba kile kile kwa miaka ishirini na miwili. Ndiyo maana hata spika wa Bunge alimwita Sista.

"Tupange kama tulivyokubaliana," Kanuni akasema. "Saa tisa kamili wanapiga kura ya kufuta kifungu. Wewe unabonyeza kijani, watu wako wanasikia redioni. Sitini na moja kwa sitini. Wanarudia bila wewe, inakuwa sitini kwa sitini, na Mwenyekiti anapiga kura ya uamuzi. Hatupotezi kitu."

"Na Mwenyekiti ataamua nini?"

Kanuni akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Hapo sasa."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa hakimu mstaafu, mwanamke wa chama tawala, chama hicho hicho kilicholeta muswada. Katika miaka tisa kura zililingana mbele yake mara tatu. Mara mbili aliacha mambo yabaki yalivyo. Mara moja alienda na serikali. Hakuna aliyewahi kumwona akinywa chai na mtu.

Saa sita na nusu mchana Sista alikuwa kwenye korido, anatoka kunawa mikono, alipokutana na mnadhimu wa chama tawala. Kazi ya mnadhimu ilikuwa kuhakikisha watu wa chama wanafika na wanapiga kura inavyotakiwa. Alikuwa mtu wa haraka, suti daima imenyooka, na kwa miaka sita hajawahi kumpa Sista zaidi ya kutikisa kichwa. Siku hiyo alisimama. Alitabasamu hadi jino la pembeni.

"Dada yangu," akasema. "Leo ndiyo siku yako."

"Tutaona, mheshimiwa."

"Hapana, nakwambia kwa moyo safi. Mimi napinga hoja yako, hilo unalijua, lakini nakuheshimu. Watu wako wamengoja kura hii miaka mingapi? Bonyeza kijani yako, dada. Wasikie jina lako."

Akamshika bega kidogo, akaenda zake akipiga mluzi.

Sista alibaki pale mikono inadondosha maji. Katika chumba cha upasuaji alikuwa amejifunza kumwogopa mgonjwa anayesema ghafla kwamba maumivu yote yameisha. Alirudi stoo kwa mwendo wa karibu kukimbia.

"Mnadhimu anataka nipige kura," akasema.

Kanuni akaweka kikombe chini. "Amesema?"

"Amenibembeleza."

Walitazamana. Halafu Kanuni akavaa viatu vyake na kutoka, na Sista akakaa peke yake kwa muda ulioonekana kwake kama mchana mzima. Alijaribu kusoma hotuba yake. Macho yalipita juu ya maneno bila kushika hata moja.

Kanuni aliporudi alikuwa anahema.

"Nimetoka gereji," akasema. "Yule dereva wa gari nyeusi ni jirani yangu. Ameagizwa aende uwanja wa ndege. Wabunge wawili wa chama chake walikuwa safarini nje, tuliowaondoa kwenye hesabu kwa sababu walikuwa warudi kesho. Wamebadilishiwa ndege. Wanatua saa nane na dakika arobaini."

"Kutoka uwanjani hadi hapa?"

"Dakika ishirini na tano, dereva akiwa na wazimu. Na yule ana wazimu."

Sista hakuhitaji kuelezwa zaidi. Saa tisa kamili wale wawili watakuwa bado njiani, na milango ya ukumbi hufungwa kengele ya kura inapolia. Akibonyeza kijani, kura yake itakuwa ndiyo iliyoamua. Kura itarudiwa baada ya dakika kumi na tano. Milango itafunguliwa, wale wawili wataingia, na marudio yatakuwa sitini kwa sitini na mbili. Kifungu kitabaki, chumba kitafungwa.

"Na nisipobonyeza?"

"Inakuwa sitini kwa sitini hapo hapo. Hakuna marudio. Mwenyekiti anaamua milango ikiwa bado imefungwa."

"Ambaye hatujui ataamua nini."

"Ambaye hatujui," Kanuni akakubali. "Lakini hao wawili tunawajua."

Kwa hiyo mjumbe aliyengojewa apige kura ya maana kuliko zote alitakiwa asiipige, na anyamaze kimya juu ya sababu yake, kwa kuwa mnadhimu akinusa tu, atamsimamisha mtu wake mmoja azungumze robo saa nzima ili kuvuta muda. Sista akaomba aachwe dakika tano apige simu nyumbani.

Kaka alipokea mlio wa kwanza. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi na redio.

"Mjumbe mwenyewe," kaka akasema, sauti imejaa furaha. "Ngoja nikuweke kwenye spika, watu wakusikie. Duka limejaa hadi barabarani. Mama yetu mdogo amekalia cherehani, nimemkataza hakusikia."

"Kaka, usiniweke kwenye spika."

"Nimeshakuweka. Sema nao."

Watu wakamshangilia. Sista akasikia sauti ya bibi mmoja ambaye yeye Sista alimzalisha watoto watatu, akasikia mtu akiuliza kama ni kweli jina lake litasomwa. Pale dukani walikuwepo watu wa vyama vyote. Mmoja wao kutuma ujumbe kwa jamaa yake mjini ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

"Kaka, kama mambo yakienda tofauti na mlivyotegemea..." akaanza.

"Yaende wapi?" kaka akamkatiza, bado anacheka, ila kicheko kimepungua. "Tulikutuma ukapige kura. Wewe bonyeza, mengine tuachie sisi."

"Nimesikia."

"Uko sawa?"

"Niko sawa, kaka. Nawasalimu wote."

Akakata simu.

Saa nane na nusu alijaribu jambo moja la mwisho. Alienda hadi mlango wa chumba cha Mwenyekiti, akagonga. Yule hakimu mstaafu alikuwa amesimama mbele ya kioo kidogo, anafunga kola ya joho. Alimtazama Sista kupitia kioo.

"Mheshimiwa, nilitaka tu kujua..."

"Sista," Mwenyekiti akasema taratibu, "mimi huongea nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nikisimama sina la kusema. Funga mlango ukitoka."

Haikuwa hasira wala ukarimu. Sista alifunga mlango.

Ukumbi ulijaa mapema. Sista aliposimama kutoa hoja yake alipewa dakika nne, naye alizitumia kusoma daftari la chumba cha upasuaji la mwezi uliopita, tarehe na ugonjwa, bila kupamba. Mwanamke, kizazi kimepasuka. Mtoto, utumbo umejisokota. Mwanamume, mguu umesagwa na mashine ya kukoboa. Mwanamke. Mwanamke. Mtoto. Alipofika ishirini na saba, kengele ya muda ikalia, akasema, "Wote wako hai isipokuwa wawili. Barabarani wangekuwa hai wawili," akakaa. Safu za mbele mtu mmoja alikohoa. Wengine walitazama karatasi zao.

Mnadhimu alitazama saa yake, akaandika kitu, akampa mbunge wa jirani. Mbunge yule akanyoosha mkono aongezewe nafasi ya kuchangia. Mwenyekiti akasema, "Orodha ya wachangiaji ilifungwa jana. Kaa." Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa tisa kasoro dakika moja.

Kengele ikalia. Wahudumu wakafunga milango, ile mikubwa ya mbele na ule mdogo wa jikoni nyuma ya Sista. Mwenyekiti akasoma hoja: kifungu cha kumi na tisa kifutwe. Wanaokubali kijani, wanaokataa nyekundu. Sekunde tisini.

Kwenye ubao wa umeme namba zikaanza kupanda. Kumi na mbili, tisa. Thelathini, thelathini na tatu. Sista alikuwa ameingiza kadi yake kwenye tundu tangu mwanzo, kwa mazoea, na taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka, inamngoja. Kidole cha shahada kilikuwa kimelala juu ya kitufe. Hakukumbuka kukiweka pale.

Hamsini na nane, hamsini na saba. Zikabaki sekunde hamsini.

Mnadhimu alikuwa amegeuka kitini, mkono mmoja juu ya egemeo, anamtazama yeye tu. Akamfanyia ishara ndogo kwa kidevu: haya, dada.

Sitini, hamsini na tisa. Halafu sitini, sitini.

Namba zikasimama. Ukumbi wote ukageuka nyuma. Watu ambao kwa miaka sita hawakujua Sista anakaa wapi sasa walijua. Mbunge wa safu ya mbele yake, rafiki yake, mzee mwenye sauti ya ngoma aliyebonyeza kijani kwa ajili yake, alimnong'oneza kwa nguvu, "Sista, umelala? Bonyeza."

"Nimeona, mzee wangu."

"Zimebaki thelathini. Bonyeza, mama."

Alimwona kaka yake. Si kwamba alimfikiria, alimwona: fundi cherehani amesimama kwenye mlango wa duka, mkono umeinuliwa watu wanyamaze, sikio kwenye redio. Akamwona juu ya baiskeli. Kidole kilikuwa kizito, kinataka kushuka chenyewe. Ingekuwa rahisi mno. Angebonyeza, jina lake lingesomwa, kisha angeshindwa kwa kuonewa, na watu wangelia pamoja naye na kumpenda zaidi. Hakuna ambaye angemlaumu. Aliliona hilo waziwazi, na kuliona kulimtia hofu kuliko yote.

Akachomoa kadi. Taa ndogo ikazimika. Akaitia kadi kwenye mkoba, akafunga zipu, akaweka mkoba sakafuni na kuukanyaga kwa mguu, kana kwamba ungeweza kufunguka wenyewe.

Mzee wa mbele aliguna kama mtu aliyepigwa. Mnadhimu alikuwa ameshasimama.

"Mwenyekiti, taarifa. Mjumbe wa Eneo hajapiga kura. Nadhani mashine yake ina hitilafu. Naomba aongezewe muda, tusimnyime haki yake."

Watu kadhaa wa upande wake wakapiga meza. Mwenyekiti akamtazama Sista juu ya miwani.

"Mjumbe, mashine yako ina hitilafu?"

Sista akasimama. "Haina, Mwenyekiti."

"Unaomba muda?"

"Siombi."

"Unaelewa kwamba itaandikwa hukupiga kura."

"Naelewa."

Mwenyekiti alibaki akimwangalia kwa muda kidogo, na Sista akaona, au alidhani ameona, kitu kinapita usoni mwake, kama mtu anayepiga hesabu na kuipata. Sekunde zikaisha. Ubao ukaganda: sitini, sitini.

"Kura zimelingana," Mwenyekiti akasema. "Nisomewe kifungu."

Karani akasoma kifungu cha kumi na tisa chote, mistari kumi na moja. Kutoka nje ya mlango mkubwa ukasikika mlio wa breki, kisha hatua za watu wanaokimbia juu ya marumaru, kisha mlango ukatikiswa. Mnadhimu akaanza, "Mwenyekiti, kuna waheshimiwa wako mlangoni..."

"Mlango hufunguliwa kura ikiisha. Kura haijaisha. Kaa."

Akakaa.

Mwenyekiti alivua miwani, akaiweka juu ya muswada. "Nilikuwa hakimu miaka ishirini na sita," akasema, na sauti yake haikupanda. "Nikikosea kumwachia mtu, nilijua naweza kumwita tena. Nikikosea kinyume chake, hapakuwa na pa kumwita. Chumba hiki tukikiacha wazi kwa makosa, Bunge laweza kukifunga mwakani. Tukikifunga kwa makosa, sijui nani atawaita hao waliosomwa hapa. Kura ya kiti ni ndiyo. Kifungu kimefutwa. Fungueni milango."

Wabunge wawili wakaingia wakihema, mmoja bado anaburuta begi la magurudumu. Kila mtu aliwatazama, na wao hawakujua wamefanya nini.

Sista hakusimama. Alisikia mtu anamshika mkono, akasikia mzee wa mbele anasema, "Kumbe ulikuwa unajua," naye akamjibu kwamba la Mwenyekiti hakulijua. Alitoka kwa mlango wa jikoni, akapita katikati ya masufuria, akamkuta Kanuni amesimama uani karibu na mapipa ya taka, anafuta machozi kwa karatasi ya hesabu.

Kule nyumbani redio ilisoma matokeo kama inavyosoma siku zote. Ilisoma majina ya waliokubali, mmoja mmoja, ikasoma ya waliokataa. Mwisho ikasema, mjumbe wa Eneo hakupiga kura. Habari kwamba kifungu kimefutwa ilisomwa kabla ya majina, lakini si wengi walioikumbuka. Walichokumbuka ni kimya kilichoingia dukani baada ya maneno yale, na fundi cherehani akizima redio na kuwaomba watu watoke, anataka kufunga.

Sista alimpigia simu mara saba. Haikupokelewa.

Alirudi Eneo wiki iliyofuata kwa ndege ndogo. Akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule, akaeleza yote: ile kanuni ya herufi ndogo, wale wabunge wawili, zile dakika kumi na tano. Wengine walitikisa kichwa kwa kuelewa. Wauguzi wa hospitali walisimama wakapiga makofi. Lakini mtu mmoja wa nyuma aliuliza, "Kwa hiyo tangu zamani ulijua kadi hii ni ya bandia, na ukatuacha tucheze ngoma siku mbili?" na Sista akakiri kwamba alijua. Kaka yake alikuwa amekaa karibu na dirisha. Aliondoka kabla ya mkutano kwisha.

Uchaguzi ulikuwa baada ya miezi minne. Aliyesimama dhidi yake alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu mcheshi, na kauli yake ilikuwa moja tu, kwamba yeye akipewa kitufe atabonyeza. Sista alishindwa kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Kaka hakumpigia debe yule mwingine, lakini hakumpigia debe dada yake pia, na mahali padogo kama pale kila mtu aliliona.

Aliomba kazi yake ya zamani akarudishiwa. Siku ya kwanza alisimama mbele ya sinki, akasugua mikono hadi kwenye viwiko, na msichana aliyekuwa anajifunza kazi akamuuliza kama ni kweli zamani alikuwa mbunge. "Mjumbe," Sista akasahihisha. Walizalisha kwa upasuaji mara mbili siku hiyo. Mtoto wa pili alikuwa mkubwa sana, na msichana alisema huyo kazaliwa yuko darasa la pili tayari.

Kaka alikuja mwezi wa pili tangu arudi kazini, mchana, saa ya mapumziko. Sista alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya chumba cha kufulia, viatu amevua, anakula chungwa. Kaka alisimama kidogo, kisha akakaa upande wa pili wa benchi. Alikuwa ameongeza mvi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Sista akamkatia nusu ya chungwa. Akaipokea, hakuila.

"Nimeisoma hiyo kanuni," kaka akasema. "Katibu wako alinitumia kitabu kizima. Nimesoma mara mbili. Ulifanya sawa."

Sista akaweka ganda la chungwa kwenye benchi.

"Si kura iliyoniuma. Watu wanadhani ni kura." Akageuza kipande cha chungwa mkononi. "Miaka miwili ulijua, hukuniambia. Na siku ile ulinipigia simu, ukaniambia uko sawa. Mimi."

"Uliniweka kwenye spika, kaka."

"Ningeitoa."

"Nilikuomba usiniweke, ukaniweka."

"Ulisema hivyo tu. Hukusema ni jambo zito. Ungeniambia, toka nje peke yako, ningetoka nje." Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu aliyekuwa amelifikiria jambo kwa muda mrefu akiwa peke yake na cherehani. "Sahihi elfu kumi na tisa nilikusanya mimi, na nilikuwa wa mwisho kujua zimenunua nini."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amempima kaka yake kwa kelele za duka, akaona hawezi kubeba siri, na kabla ya hapo alimwonea huruma akamnyima ukweli. Hayo yote alikuwa ameyaita upendo.

"Nisamehe," akasema.

Kaka alitikisa kichwa kidogo, si ndiyo wala hapana, akaanza kula chungwa. Walikaa hivyo, wakatema mbegu kwenye majani. Baada ya muda mlango wa nyuma ukafunguliwa na yule msichana akachungulia, akasema kuna mgonjwa ameletwa kwa pikipiki, daktari anamwita Sista. Akavaa viatu vyake. Kaka akasema atamngoja pale pale kama hatakawia sana, na Sista akasema hajui, huenda akakawia.

"Nitangoja," kaka akasema.